Mpira Uliotoka Nje Kule Nizwa

Kaka yangu Masoud,

Assalaam alaykum. Mama hajambo, mke wangu na watoto wazima, joto limeanza kupungua. Nimeyatanguliza hayo kwa sababu ndiyo tunayoulizana kila ukipiga simu, na tukishayamaliza wewe unasema "haya, salimia," mimi nasema "haya," na simu inakatika. Safari hii nataka nipite hapo.

Nakuandikia barua ya wazi, itakayosomwa na watu, wakiwamo wale tuliocheza nao. Ulilaumiwa mbele ya watu, na naona haifai nikuombe radhi pembeni. Lakini sitaki kukudanganya kwamba nakijua khasa kile ninachokuombea radhi. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nakijua. Sasa nimechanganyikiwa, na kila nikijaribu kulipanga jambo lenyewe kichwani linapanguka. Basi nitalieleza tangu mwanzo kama nilivyoliona mimi, na pale nitakapokosea utanisahihisha.

Naikumbuka siku uliyofika Ibra. Nilikuwa naingia miaka kumi na mitatu. Kwamba nina kaka Bujumbura, anaishi kwa Bibi mtaa wa Buyenzi, nilikuwa najua kwa kusikia tu. Baba na Mama waliondoka kule ukiwa na miaka mitatu, Mama ana mimba yangu, wakakuacha kwa Bibi kwa muda mfupi mpaka mambo yatengemae Oman. Muda mfupi ule ukawa miaka kumi na mitatu. Vita vilipoanza kule ndipo Baba alipohangaika na makaratasi mpaka ukapanda ndege.

Uliingia mlangoni na begi moja la turubai. Ukampa Baba mkono, "Shikamoo Baba." Ukamgeukia Mama, "Shikamoo Mama," kwa adabu ile ile, kama mtu anavyomwamkia mama wa rafiki yake. Mama alikuwa amekwisha kufungua mikono. Akaiteremsha pole pole, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaingia jikoni kukoroga chai iliyokuwa imekwisha kukorogwa. Mimi nilikuwa mtoto, sikuelewa kitu. Niliona tu kwamba katika begi lako mna suruali mbili, shati moja, msahafu wa Bibi, na mpira wa kikapu uliotolewa upepo ukakunjwa kama chapati.

Kiarabu hukuwa nacho, kwa hivyo shule ilikurudisha madarasa mpaka ukakaa darasa langu, wewe na ndevu zako za kwanza. Ulimwita mwalimu wa jiografia "inti", kama vile ni mwanamke, na darasa zima likacheka hadi akatutoa nje. Jioni nikakufundisha Kiarabu na wewe ukaninyoosha Kiswahili changu. Nilikuwa nasema "maji hii" na "kitabu ile" kama watoto wote waliozaliwa hapa. Hukunicheka hata siku moja. Ulilirudia neno lilivyo sawa, ukaendelea na mazungumzo. Kama leo naweza kuiandika barua hii bila ya kumwita mtu anisahihishe, ni kazi yako.

Tukaingia chuo pamoja. Chuo chetu cha Ibra kilikuwa kipya wakati ule, nyuma ya karakana kuna uwanja wa saruji wa kuegesha magari, na katika stoo mna mipira sita ya kikapu ambayo hakuna aliyejua imefikaje. Ustadh Idris, mwalimu wetu wa hesabu kutoka Sudan, ndiye aliyeikuta. Akaja nayo darasani ndani ya gunia.

"Nani anaujua mchezo huu?" akauliza.

Mkono ulionyanyuka ulikuwa mmoja, wako.

"Basi mimi nitapiga filimbi," akasema. "Wewe fundisha."

Magoli yalichomelewa na mwalimu wa karakana, kila moja wiki yake, bila ya kupima, na lile la upande wa karakana likawa chini ya mwenzake kwa shubiri nzima. Mistari tuliipiga wenyewe kwa chokaa. Walijiandikisha vijana kumi na moja, wakabaki wanane. Mrefu kuliko sote alikuwa Hamoud, mwenyeji wa Ibra khasa, ambaye babu zake hawakuwahi kutoka bonde lile. Siku ya kwanza alisema kwa sauti, ili usikie, "Huyu hata Kiarabu bado, keshakuwa mudarrib wa kutufundisha."

Kwa wiki mbili hukuturuhusu kutupa mpira golini. Miguu tu. Kulia, kushoto, simama, geuka. Hamoud akachoka.

"Sisi tumekuja kucheza mpira wa sallah au tumekuja kufundishwa ngoma?"

"Nizuie," ukamwambia. Ukachukua mpira, ukawa unaudundisha taratibu mbele yake. Akanyoosha mkono wake ule mrefu, mpira haupo. Akanyoosha tena, haupo. Mara ya tano au ya sita akaanza kucheka mwenyewe. Akakaa chini juu ya saruji, akasema, "Khalas. Nifundishe hiyo ngoma."

Tangu siku ile akawa wako. Alikuja kwetu karibu kila Jumatano. Mama akampikia ugali kwa dagaa, akala akasema unafanana na 'asida ya kwao ila umekosa samli. Mama akacheka, akamletea samli. Unakumbuka alivyomwagia samli ugali, na wewe ulivyogeuza uso usione? Nyumba yetu haikuwahi kuwa na kelele kama mwaka ule. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilikusikia ukimwita Mama kutoka chumba cha pili bila ya sababu, "Mama," na yeye akaitika, "Naam," na wewe ukakosa la kusema kwa sababu ulikuwa umeita tu.

Vilikuwa vyuo vinne katika mashindano yale ya kwanza, kila kimoja kinakiendea kingine mara moja na kukipokea mara moja. Mechi yetu ya kwanza ilikuwa Sur, tukafungwa vibaya, hata idadi siitaji. Unyevu wa pwani ulituua. Vidole vilikuwa vimelowa na mpira haushikiki. Tuliporudi, upepo ulikuwa umeumwaga mchanga barabarani karibu na Bidiya, magari yamesimama foleni, tunangoja katapila lije lizoe. Wavulana walikuwa wamenuna ndani ya basi. Wewe ukamwomba dereva afungue mlango, ukatutoa nje, ukatupanga jozi jozi juu ya lami, tukapasiana mpira na mchanga unatupiga miguuni. Watu walishuka kwenye magari yao kutazama. Mzee mmoja alituletea tende. Katapila lilipofika tulikuwa tunacheka, na hakuna aliyetaka kupanda basi.

Tulianza kushinda nyumbani. Wageni walikuja na mikono yao iliyozoea magoli sawa, na lile goli fupi la karakana likawachanganya. Wakitupa, mpira unapita juu. Ustadh Idris alikuwa na uso wa mtu asiyejua lolote kila mgeni alipolalamika. Halafu tukaanza kushinda na ugenini, ambako magoli yalikuwa sawa, na hapo ndipo sisi wenyewe tulipoamini kwamba ni timu.

Mimi katika wanane wale nilikuwa wa mwisho. Nilijua, na kila mtu alijua. Nilikuwa mwoga wa kugongana. Hamoud aliwahi kusema mbele yangu, bila ya ubaya, "Talib asingekuwa nduguyo, asingekuwapo."

Ukamjibu, "Asingekuwa ndugu yangu ningemchukua mapema zaidi. Nilikuwa naogopa mtasema hivyo unavyosema."

Sijui kama ilikuwa kweli. Jibu lile nimelibeba miaka yote, na mpaka leo siwezi kuamua kama ulikuwa unanisifu au unanistiri.

Mechi ya mwisho ilikuwa Nizwa. Sisi na wao tulikuwa sawa, na mshindi angekwenda Muscat kucheza na vyuo vya huko. Basi letu liliteremka mpaka Bidbid, kisha likapanda tena kwa njia ya Izki, na njia nzima Hamoud alikuwa akiimba. Tulianza kucheza baada ya sala ya alasiri. Uwanja umejaa, watu wamepanda hadi juu ya ukuta, na vigelegele vyote vyao. Dakika nne kabla ya mwisho mwenzetu mmoja akatolewa kwa makosa matano. Ulinitazama tu. Nikavua fulana ya juu, nikaingia.

Sasa nafika pale penyewe, na nitakwenda pole pole.

Zilibaki sekunde chache. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Mtu wao akatupa, mpira ukagonga chuma, ukarukia upande wangu. Nikaruka. Wewe ukaruka kutoka nyuma yangu. Na yule kijana wao mwembamba, Khalfan, ambaye jina lake nililijua kwa sababu uwanja mzima ulikuwa ukiliita, naye akaruka. Mikono ikakutana juu, mpira ukatoka nje nyuma ya goli. Refa akatuelekezea sisi: mpira wa Ibra. Tulichotakiwa ni kuurusha ndani, kuushika, na kungoja filimbi.

Mimi nilihisi kitu kwenye ukucha wa kidole changu cha mwisho. Wakati ule sikuwa na shaka. Mpira umenigusa mimi mwisho, kwa hivyo ni wao, na refa amekosea. Nikanyamaza, nikatazama chini. Nilipoinua macho, wewe ulikuwa unanitazama. Halafu ukanyanyua mkono, ukamwendea refa.

"Umenigusa mimi," ukamwambia kwa Kiarabu, bila ya kosa hata moja la sarufi. "Mpira ni wao."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hamoud alikuwa nyuma yako. "Masoud, nyamaza," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayebembeleza.

Refa akageuza mkono. Wakaurusha ndani, Khalfan akaupokea, akageuka, akatupa. Ukaingia, na filimbi ikalia ungali unadunda chini ya goli. Watu wa Nizwa wakajaa uwanjani, na mimi nikabaki nimesimama palepale, nimekishika kidole changu kana kwamba kimeumia.

Ustadh Idris alikupa mkono, akasema, "Umefanya sawa." Lakini alisema akitazama pembeni, na alikuwa wa kwanza kupanda basi.

Tulisimama Bidbid kusali magharibi na kunywa chai. Pale nje ya mkahawa ndipo Hamoud alipokwambia, "Wewe umekuja juzi tu. Hujui timu hii ilikuwa nini kwetu. Ungekuwa wa hapa, usingesema." Mwengine akaongeza kwamba unajifanya bora kuliko watu. Ukamalizia chai yako, ukakirudisha kikombe. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale na kikombe cha chai ya maziwa mkononi, nasikia kila neno. Ilikuwa naweza kusema neno moja tu, "mimi", na ningemaliza. Nikanywa chai. Tulipopanda tena, ulikaa kiti cha nyuma kabisa, dirishani, na pembeni yako hapana mtu. Nikakiona kile kiti. Nikakaa mbele, karibu na Ustadh.

Asubuhi yake nilikukuta uani unajaza ndoo kwenye tangi. Nikakuuliza, "Kweli ulikugusa wewe?"

Ukafunga mfereji. "Wewe ulionaje?"

"Sikuona."

Ukanitazama, si kwa hasira. Ningelikuwa na nafuu ungelikasirika. Ukasema, "Basi," ukanyanyua ndoo, ukaingia ndani.

Tangu hapo hukurudi uwanjani. Hamoud akawa nahodha, na Jumatano zake zikasita. Ulisoma, ulifaulu, ulisalimu watu. Mama aliniuliza mara mbili, "Mmegombana?" Nikamwambia hapana, na ni kweli hatukugombana. Tulipomaliza chuo zikaja habari kwamba Bibi anaumwa. Ukasema utakwenda miezi miwili ukamuuguze. Bibi akapona, hukurudi. Akaishi miaka mingine, akafariki, hukurudi. Ulikuwa umekwisha kupata kazi ya ualimu pale Buyenzi, umeoa, na kwa simu nikasikia kuwa wanafunzi wako wanacheza mpira wa kikapu. Nyumbani ulikuja mara moja tu, kumzika Baba, siku nne. Katika siku nne zile nilikaribia kukwambia mara tatu. Mara ya kwanza waliingia wageni wa matanga. Mara ya pili ulikuwa umelala. Mara ya tatu hapakuwa na kizuizi chochote, tulikuwa ndani ya gari wawili peke yetu, tunakwenda uwanja wa ndege, na nikazungumza habari za matairi.

Hivi ndivyo nilivyoishi: mimi ndiye niliyeugusa, kaka yangu aliona, akajitwika. Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa inaeleweka.

Sasa nikwambie ya wiki tatu zilizopita. Tulialikwa harusi Bidiya. Nimekaa katika hema la wanaume, akaja mtu mnene, ana mvi kidevuni, akakaa kwenye sinia letu. Anauza matairi Izki. Tulipojuana majina akasita na mkono wake katika wali.

"Wewe ndugu yake Masoud? Yule ya Ibra, ya sallah?"

Alikuwa Khalfan. Kumbe mama yake amezaliwa Unguja na yeye Kiswahili anakijua, kile chetu cha huku kisichojali ngeli. Akanishika kifundo cha mkono, akanitoa nje ya hema.

"Mimi kuna kitu nimeiweka zamani," akasema. "Mpira ile, ya mwisho. Ile ilikuwa yangu."

"Yako vipi?"

"Mimi nimegusa mwisho. Na kiganja, siyo kidole. Refa alitoa sawa, mpira yenu. Mimi nishaanza kurudi nyuma. Halafu ndugu yako anasema imegusa yeye. Wallahi nimeshangaa. Nikasema labda wazimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndugu yangu. Mama yangu yuko juu ya ukuta pamoja na wanawake, ananitazama. Nikanyamaza, nikafunga goli."

Nikamwambia, "Mbona mimi nilihisi umenigusa?"

Akakitazama kiganja chake. "Labda nilikuwa mimi. Labda mkono yangu ndiyo imegusa kidole yako. Tulikuwa tumebanana."

Nilirudi kwenye sinia, sikuweza kula. Tangu siku ile nauruka mpira ule upya kichwani kila nikiendesha gari. Kama Khalfan anasema kweli, haukunigusa mimi, na miaka yote hii nimejificha kwa kosa nisilolifanya. Na kama haukunigusa mimi, wewe ulijitwika nini? Pengine wewe nawe ulihisi mkono wa mtu ukadhani ni mpira, ukasema kweli uliyoijua. Hapo hukunistiri hata kidogo, ulikuwa mtu mkweli tu, na ule utazamaji wako haukuwa na maana yoyote. Au uliniona nimetazama chini, ukasoma usoni mwangu kosa ambalo halikuwapo, ukalilipa. Au Khalfan amekumbuka vibaya, umri umempangia upya. Nimeyageuza kila upande. Nikifika mahali nikasema hapa ndipo, usiku unapita na asubuhi pamehama.

Na kinachonichanganya kuliko vyote ni kwamba nilitegemea nifurahi. Mtu ameniambia sina kosa. Nikatafuta furaha, sikuipata. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kosa langu halikuwa kwenye kidole. Hata kama mpira haukunigusa, mimi niliamini umenigusa, nikakuacha ubebe. Kule Bidbid Hamoud alipokwambia wewe si wa hapa, mimi niliyezaliwa hapa, ambaye neno langu lingesikilizwa, nilikuwa nakunywa chai. Hilo Khalfan hawezi kuniondolea.

Nikamwendea Hamoud dukani kwake. Nikamweleza yote, langu na la Khalfan. Alisikiliza, akasema, "Mimi nilimwambia neno baya siku ile. Neno lenyewe silikumbuka, nakumbuka uso wake tu." Sikumtajia neno. Pengine nilikosea, pengine anasoma hapa sasa hivi na amelijua. Akaniuliza kama bado unacheza. Nikasema unafundisha watoto. Akatikisa kichwa, akaenda kumhudumia mteja, akarudi, akasema, "Mwambie nilikuwa naupenda ugali wa kwenu." Sijui kama huko ndiko kuomba radhi. Nakufikishia kama nilivyopewa.

Mwisho nikamwambia Mama, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza tangu ukucha mpaka hema la Bidiya. Hakuniuliza mpira ulimgusa nani. Aliweka ungo chini.

"Kwa hivyo aliondoka kwa ajili ya mpira?"

"Nadhani, Mama. Sina hakika."

"Mie nilijua kaondoka kwa ajili yangu," akasema. "Nilijua karudi kwa yule aliyemlea. Nikasema ni haki yake, mimi nilimwacha ana miaka mitatu, akaja akanikuta mgeni, akakaa kwa heshima mpaka akachoka. Nimekaa hapa miaka yote namwachia haki yake. Ndiyo maana sikumwambia rudi hata siku moja. Nilikuwa naona sina mdomo wa kumwambia."

Akauvuta ungo, akachambua punje mbili tatu, akauacha.

"Ungenambia, Talib," akasema. "Ungenambia wakati ule, ningemwambia rudi."

Sasa tazama nilichokifanya, kaka. Nilidhani nimemnyamazia mtu mmoja, kumbe wawili. Na hapa pia nimepotea, kwa sababu sijui kama Mama naye yuko sawa. Labda uliondoka kwa ajili ya Hamoud, labda kwa ajili yangu, labda kwa ajili ya zile siku ulizoachwa, labda Bibi alikuwa mgonjwa na ulimpenda, basi. Labda umeoa, una kazi, unaishi vizuri, na sisi huku tunagombania lawama ya jambo ambalo kwako si huzuni hata kidogo. Nimekuwa nikizungumza na wewe kichwani muda mrefu mpaka simjui tena yule anayejibu, ni wewe au ni mimi.

Niwie radhi kwa kunyamaza kwangu. Hilo nina hakika nalo, na kama katika barua nzima umelipata hilo moja tu, limetosha. Mengine ukiyajua nieleze, na ukiwa nawe huyajui, niambie hujui, nitaona nimepata mwenzangu.

Mama amekwisha kupiga picha ya pasipoti, na amekataa kucheka ndani yake. Ameniambia nikuulize kama uko radhi tuje Bujumbura, yeye na mimi, baada ya Mfungo Tatu. Ukisema ndiyo, nitakata tiketi mbili. Ukisema usingependa kuniona, nitaelewa, na nitakata moja, kwa sababu yeye anakuja.

Mdogo wako,
Talib